Kijana amesajiliwa NFL: fanyeni hesabu hizi kabla ya sherehe

Mimi ni mhasibu. Natengeneza ritani za kodi hapa Dallas, Texas, na wateja wangu wengi ni madereva wa malori, wauguzi wa zamu ya usiku na akina mama wenye saluni. Wachache ni wachezaji wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani. Si wale mnaowaona kwenye matangazo ya televisheni. Ni wale wa mkiani: wanasajiliwa Mei, wanatemwa Agosti, wanaokotwa na timu nyingine Oktoba, na Januari wananiletea fomu za mshahara kutoka miji mitatu.

Mwongozo huu ni wa familia zetu. Kuna watoto wa Kikongo, wa Kirundi, wa Kikenya na wa kwetu Tanzania waliokulia huku, wakajaliwa miili, shule ikawapa jezi na chuo kikawapa ufadhili. Wazazi wanaujua mpira wa miguu. Huu mwingine wanautazama kwa sababu mtoto yumo, na mikataba yake kwao ni kiza kitupu. Simu ninazopigiwa huanza na "hongera" na kuishia na "sasa dada, tumnunulie mama nyumba ipi?" Nyumba bado iko mbali. Tuanze na miaka.

Hesabu miaka mitatu, si kumi

Chama cha wachezaji, NFLPA, kwa muda mrefu kimesema wastani wa maisha ya kazi ni miaka 3.3. Ligi ikabisha: mwaka 2011 kamishna Roger Goodell alisema kwamba kijana anayekuwemo kikosini siku ya kwanza ya msimu wake wa kwanza hudumu karibu miaka sita. Wote wawili wanasema kweli. Chama kinamhesabu kila aliyeingia, hata aliyetolewa baada ya wiki mbili. Ligi inaanza kuhesabu baada ya mchujo kupita.

Na mchujo ndio huu. Wakati wa kiangazi timu inaruhusiwa watu 90. Mwisho wa Agosti wanatakiwa wabaki 53. Timu ziko 32, kwa hiyo watu zaidi ya 1,100 wanapoteza nafasi ndani ya siku chache. Wapo wanaorudishwa kwenye kikosi cha mazoezi, chenye nafasi 16 kwa kila timu, lakini mamia wanafungasha na kurudi kwao. Mkiwa hamjaivuka hiyo Agosti, msiitumie kabisa ile hesabu ya Goodell.

Mkenya Daniel Adongo aliacha raga akaingia Indianapolis Colts Julai 2013. Desemba ya mwaka huohuo alicheza mechi yake ya kwanza, na Nairobi nzima ikasikia. Kufika mwisho wa 2015 alikuwa ameshaachwa. Mzaliwa wa Kinshasa, Tim Biakabutuka, alichaguliwa wa nane na Carolina Panthers katika drafti nzima ya 1996, yaani ule mchaguo ambapo timu huchagua vijana wa vyuo kwa zamu, raundi kwa raundi. Huyo alikuwa nyota hasa, na bado majeraha yalimruhusu misimu sita tu. Akaingia kwenye biashara ya migahawa ya kuku huko Augusta, Georgia. Mkiniuliza mimi mtoto amwige nani, nitawataja watu wa aina ya Biakabutuka kabla ya hao wenye pete za ubingwa.

Mkataba: soma maneno mawili kabla ya kupiga picha

Gazeti litaandika "mkataba wa miaka minne wa mamilioni". Kwa aliyechaguliwa kwenye drafti ni kweli miaka ni minne, na kwa asiyechaguliwa ni mitatu. Lakini hiyo miaka inamfunga mchezaji kuliko inavyoifunga timu. Kwa vijana wengi wa raundi za chini mshahara hauna dhamana: timu ikikutema leo, kesho huidai kitu. Kilicho chako kweli ni pesa ya kusaini, na mshahara wa wiki ambazo tayari umekuwemo kikosini.

Neno la kwanza la kutafuta, basi, ni dhamana. Mwulize wakala swali moja: "Kijana akitemwa kesho asubuhi, anaondoka na shilingi ngapi?" Akianza kueleza soko la wachezaji, mrudishe kwenye swali.

Neno la pili ni mgawanyo wa mshahara. Mikataba mingi ya wachezaji wa chini ina viwango viwili: kimoja cha ukiwa kikosini, na kingine cha chini zaidi ukiwekwa kwenye orodha ya majeruhi. Hiki kipengele dunia ilikijua kupitia Damar Hamlin wa Buffalo Bills, yule ambaye moyo wake ulisimama uwanjani Cincinnati tarehe 2 Januari 2023. Alikuwa katika msimu wake wa pili, mshahara wake dola 825,000. Kwa mujibu wa mkataba, akienda orodha ya majeruhi alitakiwa alipwe kwa kiwango cha dola 455,000 kwa mwaka. Bills na ligi wakakubaliana wamlipe kiwango kamili. Ni jambo jema, lakini lilifanyika mbele ya kamera zote za Marekani. Kijana wako akikatika kano ya goti siku ya Jumanne mazoezini, hakuna kamera, na kitakacholipa ni kile kilichoandikwa.

Pesa ya kusaini nayo ina mkia. Kihesabu inatandazwa juu ya miaka ya mkataba, na ukiamua mwenyewe kuacha katikati, timu inaweza kudai sehemu ya miaka iliyobaki. Chris Borland wa San Francisco 49ers aliacha Machi 2015 baada ya msimu mmoja, ana miaka 24, kwa kuogopea ubongo wake. Pesa ya kusaini ilikuwa dola 617,436 kwa miaka minne, na akakubali kurudisha robo tatu yake. Kwa hiyo hata hizo msizile zote mwezi wa kwanza.

Wakala anaruhusiwa kuchukua mpaka asilimia 3 ya mkataba. Kiwango cha kawaida kwenye fomu ya chama ni 1.5, kikipanda ni kwa sababu mmekubaliana. Kijana wa raundi ya saba anayelipwa kima cha chini hana mengi ya kujadiliwa, kwa sababu viwango vimeshaandikwa kwenye mkataba wa ligi na chama. Jadilini hiyo asilimia. Wakala haoni haya kuichukua, nanyi msione haya kuipunguza.

Hundi ya kwanza, mstari kwa mstari

Hapa ndipo kazi yangu, kwa hiyo mnivumilie.

Kima cha chini kwa mchezaji mgeni msimu wa 2025 kilikuwa dola 840,000. Kinagawanywa kwa wiki 18 za msimu, yaani dola 46,666 na senti kwa kila wiki aliyokuwemo kikosini. Mtu akitemwa baada ya wiki sita, amechuma dola 280,000. Zile 560,000 zilizobaki hazikuwahi kuwa zake. Andikeni hiyo 46,666 kwenye karatasi mbandike jikoni, kwa sababu ndiyo mshahara wake halisi: mshahara wa wiki, unaoweza kukoma wiki ijayo.

Sasa makato. Kwa kijana asiye na mke, anayemaliza msimu mzima kwa kima hicho bila mapato mengine, kodi ya serikali kuu inakaribia dola 260,000. Social Security na Medicare, yaani makato ya pensheni ya serikali na ya bima ya afya ya wazee, zinachukua nyingine zinazokaribia 29,000. Wakala kwa asilimia 3 anabeba 25,200, na tangu 2018 ada ya wakala hairuhusiwi kupunguzwa kwenye kodi ya mwajiriwa, ndiyo maana nasisitiza ile asilimia. Kinachobaki ni kama dola 520,000 kabla ya kodi za majimbo. Ni pesa nyingi, sikatai. Lakini ni pesa ya mtu aliyemaliza msimu mzima, na wengi hawaumalizi.

Kuna mitego miwili kwenye stabu, ile karatasi ya malipo inayoonyesha makato. Social Security ni asilimia 6.2, lakini mwaka 2025 ilikatwa kwenye dola 176,100 za kwanza tu. Ikifika hapo inakoma, na hundi inanenepa kwa karibu dola 2,900 kwa wiki. Kijana mmoja alinipigia simu kwa furaha: "Shikamoo shangazi, nimepandishwa mshahara!" Marahaba mwanangu, hujapandishwa. Januari makato yanarudi palepale.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Pesa ya kusaini, kama haizidi dola milioni moja, mara nyingi hukatwa kodi ya serikali kuu ya asilimia 22 bapa. Lakini mwenye mshahara kamili wa NFL yuko kwenye daraja la asilimia 35 au 37. Tofauti haikusamehewa, inangoja Aprili, mwezi wa ritani. Kwa hiyo pesa ya kusaini ikiingia, siku hiyohiyo hamisheni asilimia 15 yake kwenye akaunti ya pembeni isiyo na kadi. Isiyo na kadi, nimesema.

Halafu majimbo. Texas haina kodi ya mapato, na vijana wakisajiliwa hapa wanashangilia. Lakini kila jimbo mnalokwenda kucheza linataka sehemu yake. Linahesabu siku zako za kazi ndani ya mipaka yake, linazigawa kwa siku zako zote za kazi za mwaka, na kukutoza kwa uwiano huo. Desturi hii ilipata nguvu baada ya fainali za mpira wa kikapu za 1991, California ilipowatoza Chicago Bulls na Illinois ikalipiza kisasi. Mchezaji wa Dallas Cowboys kila mwaka anakwenda Philadelphia, na huko anatozwa na jimbo la Pennsylvania na mji wenyewe pia. Anakwenda kucheza na New York Giants, ambao uwanja wao hauko New York kabisa, uko East Rutherford, New Jersey. Anakwenda kwa Washington Commanders, ambao uwanja wao uko Maryland. Hizo ni ritani tatu kabla hatujagusa mechi nyingine za ugenini. Msimpe kazi hii binamu anayejaza fomu za watu kwenye simu.

Nyumba, gari, na vitu vya kupita

Pangeni. Apartimenti yenye samani, mkataba wa mwezi kwa mwezi, hata kama kodi yake ni kubwa kidogo. Kununua nyumba kwenye mji ambao unaweza kutolewa Jumanne na kuokotwa na timu iliyo umbali wa kilomita 3,000 Jumatano ni kujitafutia dalali wa haraka. Gari moja, linalolipika kwa pesa taslimu. Basi.

Windeni msimu wa tatu

Watu wanazungumzia mkataba wa pili, ule wa utajiri. Mimi nawaambia wateja wangu kuwa kabla ya huo kuna mstari mwingine, uko karibu zaidi na thamani yake hudumu: misimu mitatu inayohesabika.

Msimu unahesabika kwa mafao ukiwemo kwenye kikosi kwa malipo kamili katika mechi tatu au zaidi. Si lazima uchezeshwe. Ukikaa benchi inahesabika, ukiwa kwenye orodha ya majeruhi ya timu inahesabika. Kikosi cha mazoezi kwa kawaida hakihesabiki. Ukifikisha misimu mitatu ya namna hiyo, umeshika haki ya pensheni ya ligi, na ukistaafu unapata bima ya afya kwa miaka mitano. Ukifikisha miwili, kuna kiinua mgongo na milango ya The Trust, taasisi ya chama kwa wachezaji waliostaafu, iliyoanzishwa 2013. Pia kuna mfuko wa akiba ambao timu huweka dola mbili kwa kila dola moja ya mchezaji, mpaka kikomo fulani. Sijui benki hata moja duniani inayotoa riba ya namna hiyo, na bado kila mwaka nakutana na kijana ambaye hajajaza fomu yake.

Kwa hiyo inapofika Novemba, kijana ana misimu miwili, na timu mbili zinamtaka, moja kwa kikosi cha mazoezi kwenye klabu yenye jina, nyingine kwa kikosi cha 53 kwenye timu inayofungwa kila Jumapili, mwambieni aende inakofungwa. Mechi tatu, mwanangu. Nenda ukafungwe nao.

Msidharau hata hivyo kikosi cha mazoezi. Msimu wa 2025 kima chake kwa kijana kilikuwa dola 13,000 kwa wiki, na kwa wiki zote 18 ni dola 234,000. Shida ni kwamba hiyo ni kazi ya wiki kwa wiki, na nafasi ya mtu inaweza kuondolewa kumpisha mwingine kwa sababu tu beki wa timu ameteguka kidole.

Ukiumia, karatasi kwanza

Mchezo huu unaumiza kila mtu, na mwenye nafasi ndogo ana sababu ya kuficha maumivu. Naelewa. Lakini jeraha lisiloandikwa siku lilipotokea, siku ya kutemwa halipo.

Mwambieni kijana aripoti kila kitu kwa mganga wa timu, na usiku huohuo ajiandikie mwenyewe ujumbe: tarehe, zoezi gani, kiungo gani, nani alimhudumia. Picha za MRI aombe nakala. Ana haki ya kumwona daktari mwingine nje ya timu kwa maoni ya pili, na kwa utaratibu wa mkataba wa ligi, timu ndiyo hulipa. Wapo wanaoogopa kuitumia haki hii kwa kudhani watachukiwa. Mchezaji wa raundi ya saba hatemwi kwa sababu aliomba daktari, anatemwa kwa sababu amepatikana mwenye umri mdogo kuliko yeye.

Kabla ya kutemwa kuna kupimwa. Atapewa fomu ya kuthibitisha hali yake. Kama goti linauma, aandike goti linauma. Asiweke sahihi kwamba ni mzima ili aondoke kwa heshima. Mchezaji akiachwa akiwa na jeraha, timu inatakiwa imweke kwenye orodha ya majeruhi au ikubaliane naye malipo ya wiki ambazo angekuwa anapona. Anayesaini kwamba ni mzima amejifungia mlango huo. Ikitokea ubishi, chama kina utaratibu wa malalamiko, lakini muda wake ni wa siku chache, kwa hiyo simu ya kwanza ni kwa chama na si kwa mjomba. Pia kuna fidia ya wafanyakazi walioumia kazini, inayofuata sheria za kila jimbo na ina tarehe zake za mwisho. Tafuteni wakili wa jimbo husika mapema.

Kuhusu kichwa sitasema mengi, maana si fani yangu. Mwafrika mwenzetu, Dakta Bennet Omalu wa Nigeria, ndiye aliyeufungua ubongo wa Mike Webster, mchezaji wa zamani wa NFL, mwaka 2002 huko Pittsburgh na kuikuta CTE, madhara ya kugongwa mara kwa mara. Tangu hapo hakuna anayeweza kusema hakujua. Akigongwa akaona nyota, atoke.

Familia, na hapa ndipo penye kazi

Sijawahi kuona mteja wangu akimalizwa na saa ya dhahabu. Nimewaona wakimalizwa na simu za nyumbani, moja baada ya moja, kila moja ikiwa na haki yake. Ada ya mtoto wa marehemu kaka. Paa la nyumba ya bibi. Kiwanja Kigamboni ambacho "kikichelewa mpaka Ijumaa kinachukuliwa". Nani atakataa paa la bibi?

Mwaka 2015 watafiti wa uchumi hapa Marekani walitoa utafiti uliowafuatilia wachezaji waliochaguliwa kati ya 1996 na 2003. Karibu asilimia 16 walikuwa wamejitangaza mufilisi ndani ya miaka 12 ya kustaafu. Lililonishtua ni kwamba waliocheza muda mrefu na kulipwa vizuri hawakuwa salama zaidi kwa kiasi cha kuonekana. Maana yake pesa zaidi haikuwa dawa.

Utaratibu ninaowawekea wateja ni huu. Kaeni kikao kimoja kabla ya msimu, wazazi wawepo, mjomba mkubwa awepo, aliyeko Bukavu au Tabora aunganishwe kwa simu. Kubalianeni kiasi kimoja cha kila mwezi kwa ajili ya nyumbani, kiwe kwenye maandishi. Kiwe kiasi ambacho kijana angeweza kukilipa hata kama angekuwa anaendesha lori. Chagueni mtu mmoja wa kukipokea na kukigawa, na huyo asiwe kijana mwenyewe. Dharura zote zinakwenda kwake. Kijana akipigiwa, jibu lake ni moja: "Pesa haziko kwangu, zungumza na mama mkubwa." Kama hakuna mama mkubwa mwenye kifua cha kubeba hayo, mtumieni mhasibu. Mimi nimekubali kuwa mchawi wa koo tatu, na bado nalala usingizi.

Kuna sheria mbili za kodi hapa ambazo familia zetu hukanyaga bila kujua. Mwaka 2025, akimpa mtu mmoja zaidi ya dola 19,000 kwa mwaka, kwa kawaida hatalipa kodi lakini atatakiwa kujaza fomu ya zawadi. Na akifungua akaunti Nairobi au Dar es Salaam, au jina lake likiwekwa kwenye akaunti ya mama, salio la akaunti zake zote za nje likizidi dola 10,000 hata kwa siku moja, lazima aziripoti kwa serikali ya Marekani. Faini ya kutoripoti ni nzito kuliko hicho kiwanja.

Asimdhamini mtu mkopo. Asitoe hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusaini kwa niaba yake, hata kama mtu huyo alimbeba mgongoni. Na anayejiita mshauri wa fedha, mtafuteni kwenye BrokerCheck, tovuti ya FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa hisa Marekani, ni bure na inachukua dakika mbili. Chama kina orodha yake ya washauri waliosajiliwa. Jina kuwemo humo ni mwanzo mzuri, haliwazuii kuuliza wanalipwaje.

Siku ya kutemwa

Atakuja kijana wa ofisini, mpole, aseme: "Kocha anataka kukuona, njoo na tableti yako." Ndani ya tableti ndimo ulimo mpango wa michezo yote ya timu. Wakiitaka, kazi imekwisha.

Afanye haya kabla hajatoka getini. Aulize hadhi yake kwa maandishi: ameachwa mzima au ameachwa akiwa na jeraha. Apimwe, na lile nililosema juu ya sahihi alikumbuke. Aombe nakala ya rekodi za matibabu. Aulize bima yake inakoma tarehe gani na achukue fomu za COBRA, utaratibu wa kuendelea na bima ya kazini kwa kujilipia, ambayo ana siku 60 za kuamua kuichukua.

Halafu simu iwe na chaji. Mwenye misimu michache anapitia orodha ya kusubiri: timu nyingine zina mpaka saa kumi jioni ya kesho yake, kwa saa za New York, kusema zinamtaka. Akichukuliwa hana hiari, anakwenda. Ndege inaweza kuwa usiku huo, kwa hiyo begi moja liwe limefungwa tangu wiki ya mwisho ya Agosti, ndani yake hati za utambulisho, dawa, na suti moja. Asipochukuliwa, yuko huru, na mara nyingi timu ileile humpigia kumrudisha kwenye kikosi cha mazoezi. Asiseme lolote mtandaoni katika saa hizo 24. Kocha aliyemtema anaweza kuwa mwajiri wake tena kesho saa kumi na moja.

Shangazi na wajomba, siku hiyo msipige simu. Mama peke yake apige.

Baada ya hapo

Shahada imaliziwe. Ligi ina mpango wa kurudisha ada kwa wanaostahili, na vyuo vingi huwapokea tena wachezaji wao wa zamani. John Urschel alikuwa akisoma hisabati MIT huku akichezea Baltimore Ravens, akaacha mpira 2017 akiwa na miaka 26, akabaki na hisabati. Myron Rolle alichaguliwa na Tennessee Titans 2010, hakucheza hata mechi moja ya msimu, leo ni daktari wa upasuaji wa ubongo. Si kila mtoto ni Urschel, najua. Lakini kuna leseni ya umeme, kuna ukocha wa sekondari, kuna lori. Lori nalifahamu hesabu zake, na mwenye dola 150,000 za akiba na lori lake mwenyewe akiwa na miaka 26 yuko mbele ya wenzake wengi.

Jambo la mwisho ni la kiofisi. Timu hutuma fomu za mshahara mwezi Januari kwenye anwani waliyonayo, na anwani waliyonayo ni ile apartimenti aliyohama Septemba. Siku ya kutemwa aache anwani ya wazazi kwa mtu wa mishahara, na kwa kila timu aliyopitia, hata aliyokaa wiki moja. Kisha mniletee zote kwa pamoja, pamoja na orodha ya miji aliyolala usiku wa kabla ya kila mechi.